Picha ya Baba Kwenye Kioo

Vijana wangu, mkimkalisha mtu mbele ya kamera, msimwamuru acheke. Mwambieni avute pumzi, aiachie taratibu, na kabla hajavuta nyingine ndipo mbonyeze. Na msimpige mtu saa sita mchana. Jua la utosi humchimba mtu macho yakabaki mashimo, akija kuiona picha yake atadhani mmempiga akiwa maiti. Msogezeni pembeni ya nyumba, ukuta umpe mwanga wa upande. Hayo mawili mkiyashika, mengine yatakuja yenyewe.

Mnaniuliza kila siku nilisomea wapi kazi hii. Sikusomea popote. Nimewapiga maharusi wa Songea, watoto wa komunyo ya kwanza, wafanyabiashara wa Tunduru na kanzu zao, mpaka macho yaliponiambia basi, Skola, kaa chini. Lakini mwanzo wake ulikuwa mchezo. Nilikuwa binti wa kuchota maji tu, bendera ya Mjerumani ikipepea pale bomani.

Mama alikuwa akiwapikia mafundi seremala wa misheni. Mkubwa wa mafundi hao alikuwa Mjerumani mmoja, Bruda Kasmir, mtu wa vidole vinene na ndevu zilizojaa vumbi la mbao. Kiswahili chake kilitoka neno moja moja, kama mtu anayepigilia misumari. Alikuwa na masanduku mawili ya picha, moja zuri na moja kuukuu ambalo jicho lake lilikuwa na mkwaruzo. Kila akimaliza kupaua nyumba, alilipiga paa lake picha, akaipeleka kwao Ulaya.

Siku moja nikamuuliza, "Bruda, kwa nini unapiga mapaa tu?"

"Watu wanatikisika," akasema. "Paa halitikisiki."

"Mimi nitawaambia watulie."

Akanitazama, akacheka, akanipa lile sanduku kuukuu. Nadhani alitaka nimwache afanye kazi.

Wakati huo hakukuwa na filamu ya kuviringisha kama hizi zenu. Picha ilikaa kwenye kioo. Kioo kimepakwa utando mwembamba wenye dawa, na picha inakaa ndani ya utando huo. Bruda alinipa vioo vyake vilivyopasuka pembe au vilivyokaa mno kwenye boksi. Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo ya misumari, tumeziba nyufa kwa udongo. Humo ndimo nilimojifunza kusafisha picha, natia kioo kwenye dawa ya kwanza, nakitoa, naosha, natia kwenye ya pili, naosha tena kwa maji baridi ya mto, naosha mpaka vidole vinakufa ganzi.

Picha yangu ya kwanza nilimpiga bibi yangu, mama yake baba. Alisimama kwa heshima zote, amejifunga nguo yake nzuri. Ilipotoka, ilikuwa na bibi kuanzia mabegani kushuka chini.

"Kichwa changu umekiacha wapi?" akaniuliza.

"Hakikuingia, bibi."

"Basi rudi ukakichukue."

Nikarudi nikakichukua. Sasa kikaingia kichwa, miguu ikabaki nje. Bibi akaziweka picha zote mbili juu ya mkeka, moja juu ya nyingine, akaridhika kwamba ametimia.

Baada ya hapo kila Jumapili nilizunguka na sanduku langu. Familia moja ilitaka isimame na mbuzi wao. Nyingine ilitaka ghala la ulezi lionekane nyuma. Mama mmoja alimpakata mtoto asiyetulia, na picha ikatoka mtoto ana vichwa viwili. Yule mama akaja kwetu analia, akidhani nimemroga mwanawe. Tangu siku hiyo nikajua kwamba mtoto mchanga hupigwa akiwa amelala au akiwa ananyonya. Hamna dawa nyingine.

Picha ya baba niliipiga wakati wa mavuno. Pombe ya ulezi ilikuwa imeiva, ndugu wamekusanyika, na nduna wetu, yaani mkuu wa vita wa upande ule, alipita kusalimia. Wanaume wakajipanga na ngao zao, nduna katikati na manyoya kichwani, baba mkono wake wa kulia, baba mdogo kando ya baba. Nikawaambia waache kupumua. Wakatulia wote. Ulikuwa mwaka wa shibe, na nyuso zile zilikuwa nyuso za watu walioshiba.

Nikatoa karatasi moja tu. Karatasi za wakati ule uliziweka chini ya kioo, ukaziacha juani mpaka picha itoke, kisha ukazitia dawa ili isiendelee kuwa nyeusi. Nduna akaiomba, akaenda nayo. Kioo chenyewe nikakirudisha kwenye sanduku la vioo karakanani kwa Bruda.

Mavuno yaliyofuata hatukuyaona kwa raha. Habari za dawa ya maji zilishafika Ungoni. Asubuhi moja baba akaja nyumbani amefunga bua la mtama kichwani kama wote waliopewa dawa ile, nguo imelowa kifuani. Mama alikuwa anapembua mahindi. Hakusimama.

"Hayo maji yanazuia risasi?" akauliza.

"Wamesema yanazuia."

"Nimekuuliza wewe."

"Siendi kwa sababu ya maji, mama Skola. Ndugu zangu wote wanakwenda. Nitabaki hapa na nani?"

"Na mimi. Na huyu aliye tumboni."

Baba akaniwekea mkono kichwani, akachukua ngao, akaondoka. Sikumkimbilia. Nilidhani atarudi jioni.

Mapadre na mabruda wakakimbia. Kabla ya kuondoka, Bruda Kasmir alimkabidhi mama lile sanduku la vioo, akamwomba alifiche. Mama akalizika kwenye shimo la nafaka nyuma ya nyumba. Siku chache baadaye misheni ikachomwa, mapaa yote ya Bruda yakaenda na moto. Nani alishika kijinga cha moto sikuambiwa, nami sikuuliza. Baba alikuwa upande ule.

Ya vita mmeyasikia kwa wazee wenu, sitayarudia. Maji hayakuzuia kitu. Wajerumani waliporudi walichoma nyumba, wakachoma maghala, wakakata mahindi yakiwa mabichi. Wakubwa wa Wangoni walinyongwa pale Songea, na nduna wetu akiwa mmoja wao. Sisi tulikula ming'oko, mizizi ya porini, mpaka ikaisha. Bibi yangu alikufa kwa njaa. Mdogo wangu Benedikto akazaliwa katika njaa hiyohiyo, mdogo kama kifaranga. Baba tulisikia yu hai, yuko porini, na kwamba majina ya waliokuwa karibu na nduna yanatafutwa.

Misheni ikarudi kuishi chini ya mabati machache. Walikuwa wanatoa uji, nasi tukaenda. Bruda Kasmir alikuwa amekonda, ndevu zimeota mvi. Mama akarudi kazini kwake.

Ndipo asubuhi moja afisa wa boma akafika na askari wake. Mkononi alikuwa na ile karatasi ya picha, wameipata kwenye nyumba ya nduna. Akamwonyesha Bruda pale mlangoni mwa karakana. Mimi nilikuwa ndani nafagia maranda.

Sasa sikieni jambo la kazi. Picha ile sikuwa nimeitia dawa ya kutosha. Ilikuwa imeendelea kula jua, imeiva mpaka imeungua. Nduna alitambulika kwa manyoya yake tu. Wengine walikuwa weusi watupu, huwezi kujua huyu ni nani na yule ni nani. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mimi ni fundi mbaya.

Lakini afisa yule alizijua picha. Akaiinua juani, akaishusha, akauliza kwa Kiswahili ili askari wake nao wasikie.

"Kioo chake kipo?"

Nikamwomba Mungu Bruda aseme hakipo. Bruda akasema, "Kipo."

"Kiko wapi?"

"Kimezikwa na vingine. Wakati wa vita."

"Kifukuliwe. Kesho asubuhi nakuja kukichukua."

Walipoondoka, nilimvamia Bruda kama mtu mzima mwenzangu. "Kwa nini umemwambia?"

"Nimeapa kwa Mungu, Skola. Sisemi uongo."

"Hata watu wakinyongwa?"

Akakaa juu ya benchi la kurandia. Alitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akainuka, akachochea moto wa kuchemshia gundi, akateleka birika kubwa la maji.

"Kioo kilichotoka ardhini hakipelekwi kwa mkubwa na udongo," akasema bila kunitazama. "Mwambie mama yako akilete. Wewe kioshe."

Akatoka, akafunga mlango. Nikasikia msumeno wake nje unakata ubao.

Hapa lazima niwaeleze. Utando wa picha kwenye kioo hauogopi maji baridi. Unaogopa maji ya moto. Niliwahi kukisahau kioo kimoja kwenye beseni juani, nikarudi nikakuta picha imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, inaelea. Bruda alinifokea sana siku ile. Kwa hiyo alijua kwamba najua.

Mama akaja na kioo kwenye kitambaa, Benedikto mgongoni. Nikamweleza yote. Alikifuta udongo kwa upindo wa nguo, akakiinua dirishani.

Kwenye kioo watu huwa kinyume, mnajua, nyuso zimepauka na weupe wa macho umekuwa mweusi. Mama hakumwona mumewe pale, aliona mizimu. Nikachukua kipande cha kaniki, nikakiweka nyuma ya kioo, nikakiinamisha kidogo. Ukifanya hivyo weupe hugeuka weusi na weusi weupe, na mtu hutokea. Baba akatokea. Alikuwa amesimama vilevile, ngao mkononi, amebana pumzi kwa sababu mwanawe amemwagiza.

Mama akatazama. Nilisikia anahema. Kisha akamgeuza Benedikto kutoka mgongoni, akamshikilia mbele ya kioo.

"Tazama," akamwambia. "Tazama, baba yako huyo."

Mtoto alikuwa amelala.

"Mama," nikasema, "nikivunje. Nikate kipande cha baba peke yake tubaki nacho. Wengine niwaoshe."

"Na huyo ndiye wanayemtafuta."

"Tukifiche."

"Tutakificha wapi ambapo hawatachimba? Watakuuliza wewe, wataniuliza mimi. Wewe unayaweza mateso ya boma?" Akamrudisha mtoto mgongoni, akamfunga vizuri. "Humo wamo wanaume wa nyumba nyingi, Skola. Wapo wanaowasubiri kama sisi tunavyomsubiri baba yako. Osha."

Nikamimina maji ya birika kwenye beseni. Mvuke ukanipiga usoni. Nikakitia kioo. Mwanzoni hakikufanya kitu, nikafikiri labda ardhi imekikausha, labda Mungu amekataa. Kisha pembe moja ikainuka. Utando ukaanza kujikunja, na watu waliokuwa ndani wakapinda nao, miguu ya huyu ikaingia kwenye kifua cha yule. Nduna akaenda. Baba mdogo akaenda. Baba akarefuka, akawa mwembamba kama moshi, akaachia kioo. Nikakoroga kwa mkono. Mkono uliungua lakini sikuutoa. Nilipomaliza, beseni lilikuwa na maji machafu, na mimi nilikuwa na kipande cha kioo kisafi.

Mama akayamwaga maji chini ya ukuta. Akaenda na mtoto wake mgongoni kupika uji wa watu.

Afisa alikuja asubuhi kama alivyosema. Bruda akamkabidhi kioo. Alikigeuza, akakitazama juani, akamwona askari wake upande wa pili.

"Nani ameosha?"

"Mimi, bwana," nikasema.

"Kwa maji ya moto?"

"Ndiyo, bwana. Kilikuwa kichafu."

Akamgeukia Bruda. Walisemezana Kijerumani, sauti ya afisa ikipanda, ya Bruda ikibaki palepale. Mwisho Bruda akasema kwa Kiswahili, ili nisikie, "Nilimwambia aoshe. Ameosha."

Nilichapwa viboko pale mbele ya karakana. Bruda alivua kofia, akaja kusimama mbele yangu, askari wakamsukuma pembeni. Lile sanduku langu kuukuu afisa alilikanyaga mpaka likawa vijiti. Kisha wakaenda zao, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyenyongwa kwa ajili ya picha yangu. Hilo najua, kwa sababu kadiri miaka ilivyokwenda niliwaona wengine wakirejea mmoja mmoja, wakajenga, wakalima. Hawakujua kitu. Nami sikuwaambia.

Nilipopona mgongo, Bruda aliniita. Aliniwekea mikononi lile sanduku lake zuri.

"Na wewe utapigia nini mapaa yako?" nikamuuliza.

"Mapaa yameungua," akasema. "Piga watu."

Ndiye mwalimu wangu huyo. Waingereza walipokuja walimchukua pamoja na Wajerumani wenzake, sikumwona tena. Mimi nikapata kazi kwa fundi Mgoa aliyefungua duka la picha mjini, mtu mkali aliyenifundisha kutoa picha safi na kutobishana na wateja. Kubishana na wateja sikuacha.

Baba hakurudi. Tulisubiri mwaka wa kwanza, tukasubiri mingine. Benedikto alikua, akawa anauliza. "Dadi alifananaje?" Dadi ndivyo tulivyozoea kumwita baba. Nilijaribu kumweleza. Mrefu kiasi, paji pana, masikio hivi. Siku moja katikati ya maneno nikagundua namweleza fundi wa Kigoa. Uso wa baba ulikuwa umeniponyoka. Mimi niliyezikumbuka sura za wateja wa miaka yote, ya baba sikuwa nayo. Sikumwambia mtu. Nilikwenda nyuma ya duka nikalia.

Kisha siku moja akaingia dukani mfanyabiashara wa Kiyao, mtu wa Nakapanya kule Tunduru, anataka picha na kanzu mpya. Nilipokuwa namweka sawa akaanza kucheka.

"Alhamdulillahi, mimi siogopi. Kwetu yuko Mngoni mmoja, ukitaja picha tu anainuka barazani anakwenda zake. Hata mgeni akipita na sanduku lolote, yeye hayupo."

Nilikuwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Nikatoka.

"Anaitwa nani?"

"Musa. Amesilimu. La zamani hatulijui. Fundi wa kuchonga vinu, mtu wa watu, lakini akicheka hufunika mdomo kwa mkono kama mwanamke."

Mama yangu alimgombeza baba kwa jambo hilo maisha yao yote ya ndoa.

Nilimpiga yule bwana picha, na ilitoka imetikisika. Sikumwambia Benedikto, nikihofia kumpa baba ambaye si wake. Nilimwambia mama tu.

"Nenda wewe," akasema. "Kama si yeye, utarudi hujamsumbua mtu."

"Tusiende wote?"

"Nenda wewe."

Nikaondoka na wachukuzi wa mizigo, kamera kichwani. Nakapanya nilionyeshwa nyumba. Mzee alikuwa uani anachonga, watoto wadogo wamemzunguka, mwanamke wa Kiyao anatwanga. Nilimtazama, na uso wake ulinirudia wote kwa mara moja, kama picha inavyopanda kwenye dawa. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, dadi."

Shoka likamponyoka. "Skola?"

Sitawasimulia yote tuliyosema. Alikuwa amekimbilia huko, Wayao wakamficha, wakampa mke. Alipata habari kwamba kuna picha ambayo boma linaitafuta, akaamini kwamba wanayo. Miaka yote ile aliamini uso wake uko mezani kwa Mjerumani, na akirudi kwetu atatuletea kamba. Wajerumani walipoondoka, alishakuwa na watoto hawa, na aibu.

"Ile picha niliiosha, dadi," nikamwambia. "Siku nyingi. Haipo."

Alinitazama kama hakuelewa. Nikamweleza birika, beseni, na mama kusema osha. Alikaa chini juu ya kinu alichokuwa anakichonga. Akauliza mmoja mmoja wale waliosimama naye siku ya mavuno. Nikamjibu mmoja mmoja, huyu alikufa vitani, huyu njaa, huyu amerudi, ana wajukuu.

"Na mama yako?"

"Yupo. Hakuolewa tena."

Hapo ndipo aliponiomba mwenyewe nifungue sanduku. Alikataa kusimama na mkewe wala watoto. Alitaka peke yake, ameketi kwenye kigoda, mikono magotini. Sikumwambia acheke wala asicheke. Niliisubiri pumzi yake.

Nilirudi Songea nikaisafisha picha ile mwenyewe, nikaiosha kwa maji baridi kuliko nilivyowahi kuosha picha yoyote. Nikaipeleka nyumbani. Mama alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, Benedikto, kijana mkubwa sasa, anatengeneza jembe. Nikampa mama. Nikamwambia na habari ya mke wa Nakapanya na watoto, maana nisingeweza kumpa picha bila hilo.

Aliishika mbali kidogo, macho yake yalishaanza kuchoka. Aliitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Amezeeka vizuri," akasema. "Wamemtunza."

Nikasubiri aiweke kwenye kanda lake la nguo, alikoweka kila kilichokuwa cha thamani. Badala yake akaninyooshea.

"Mpe mdogo wako," akasema. "Mimi sikumsahau."